Uzi: Kuizuru Alhambra ya Granada kwa macho ya mtu aliyeyaona magofu ya Kilwa

Mwanzisha uzi

Ibn Battuta, ambaye huku kwetu tunamkumbuka kwa maelezo yake ya Mombasa na Kilwa alizozifikia mwaka 1331, alifika pia Granada, kusini mwa Hispania, mwaka 1350. Wakati huo Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa, kwa hiyo msafiri yule hakupata kuonana naye. Aliyemkirimu ni mama wa sultani, aliyempelekea dinari za dhahabu. Katika bustani moja ya mji huo alikutana na kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, mwenyeji wa Granada, ambaye miaka michache baadaye, huko Fez, ndiye aliyeziandika simulizi ambazo Ibn Battuta alimsimulia kwa mdomo. Habari maarufu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, za ukarimu wake kwa masikini na masharifu, zimetufikia basi kwa kalamu ya mtu wa Granada.

Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, inayohusishwa na sultani huyo, na majumba ya Alhambra, makao ya masultani wa Granada, tunayoyaona leo ni majengo ya karne moja, ya 14. Lile la Kilwa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya jabali linalotazama bahari, likiwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pande nane. Hili la Granada lilijengwa kwa udongo uliochanganywa na chokaa na kushindiliwa, pamoja na matofali, mbao na plasta ya jasi, yaani vitu ambavyo mvua ya misimu michache huvimaliza vikiachwa bila paa. Hata hivyo lile la mawe ndilo lililobaki gofu, na hili la udongo linapokea wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka.

Ninafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaopanga kwenda, na hoja yangu ni hii: Alhambra haikudumu kwa uimara wake. Imedumu kwa sababu karibu kila kizazi kilikuwa na mtu anayekaa ndani yake na kuziba nyufa zake, mara nyingine kwa ustadi, mara nyingine kwa kuharibu zaidi, na mgeni anayeingia akilijua hilo huona mengi ambayo mwenye haraka ya picha hayaoni. Husuni Kubwa, kwa upande wake, inaelekea iliachwa mapema, pengine hata kabla ujenzi wake haujakamilika.

Historia yenyewe nitaipitia kwa ufupi. Muhammad bin al-Ahmar, mwanzilishi wa ukoo wa Banu Nasr, aliingia Granada mwaka 1238 na kuanza kujenga juu ya kilima cha Sabika, palipokuwa na ngome ya zamani. Aliongoza maji kutoka mto Darro kwa mfereji wa kilomita kadhaa, na bila mfereji huo kusingekuwa na bustani, hamamu wala chemchemi yoyote pale juu. Kuta za udongo mwekundu ndizo zilizolipa jumba jina lake la Kiarabu, al-Hamra. Sehemu nzuri zaidi zilijengwa karne moja baadaye na Yusuf wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1354, na mwanawe Muhammad wa Tano. Tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho, Abu Abdillah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alikabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella, mfalme na malkia Wakristo wa Hispania.

Sehemu inayostahili muda wako ni Majumba ya Banu Nasr. Ngome ya Alcazaba ni minara na kuta tupu zenye mandhari nzuri ya mji, na nusu saa inaitosha. Bustani za Generalife zinapendeza, lakini maua mengi unayoyaona pale, na ule mpangilio wa miti iliyokatwa kwa umbo la kuta, ni kazi ya karne ya 20. Ndani ya majumba mambo ni mengine. Kwanza unapita Mexuar, palipokuwa pa kusikilizia kesi, kisha unatokea kwenye ua wenye bwawa lenye urefu wa takriban mita 34, ambamo mnara wa Comares, wenye urefu wa mita 45, unajitazama juu chini majini. Wageni wengi husimama hapo, hupiga picha ya kioo hicho cha maji, kisha huingia ndani ya mnara kwa dakika mbili tu na kutoka.

Nawashauri mfanye kinyume chake. Ingieni ndani ya mnara, katika Ukumbi wa Mabalozi ambako sultani alipokea wageni, simameni mpaka macho yazoee giza, kisha inueni nyuso. Dari lile limeundwa kwa vipande vya mbao zaidi ya 8,000 vilivyopangwa kuwa nyota, ngazi juu ya ngazi, kuashiria mbingu saba. Chini ya dari, kuzunguka ukumbi wote, imeandikwa Suratul Mulk, ile Tabaraka ambayo wengi wetu tuliopita chuo cha Qur'ani tuliihifadhi tukiwa wadogo. Aya yake ya tatu inataja mbingu saba zilizoumbwa tabaka kwa tabaka na kumwamuru mtu arudishe macho atazame kama ataona kasoro yoyote. Fundi aliyeiweka aya hiyo chini ya dari lile alijua anachokifanya, na mtalii asiyejua Kiarabu hupita chini yake pasipo kuambiwa.

Mchangiaji kutoka Tanga

Ahsante sana ndugu kwa maelezo. Naomba kuuliza mambo mawili. La kwanza, je, maandishi hayo mtu wa kawaida aliyesoma msahafu anaweza kuyasoma, au ni zile hati za mapambo ambazo hata mashekhe huzikodolea macho? La pili, nimesikia tiketi huisha mapema mno; ni kweli au ni maneno ya wauzaji?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Tanga, hati ni za aina mbili. Ipo ya Kikufi, yenye pembe na mafundo, ambayo kwa kweli inahitaji mazoezi, na ipo ya Naskhi, ya mviringo, ambayo mtu aliyehitimu chuo ataisoma akiipa utulivu. Anzia na kaulimbiu ya ukoo ule, "Wa la ghaliba illa Allah", hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, kwa sababu imerudiwa mamia ya mara, ndani ya ngao ndogo, juu ya vigae, kwenye mihimili na pembezoni mwa matao. Ukishaizoea, jicho linapata pa kushika, nawe utaanza kutofautisha aya, dua na mashairi.

Mashairi ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Majumba yale yameandikwa tenzi na mawaziri waliokuwa washairi, hasa Ibn al-Khatib na mwanafunzi wake Ibn Zamrak. Kwenye ukingo wa bakuli la chemchemi iliyobebwa na simba 12 wa marumaru kuna beti za Ibn Zamrak, na katika moja mshairi anasema kwamba maji na marumaru vimefanana hata mtu hatambui kipi kati yake kinachotiririka. Kwingine ukuta wenyewe ndio unaosema, ukijisifu kwa nafsi ya kwanza kwamba mimi ni bustani, nimepambwa kwa uzuri, nitazame. Watu wa pwani tuliozoea shairi kuchongwa juu ya mlango au kuandikwa kwenye kanga hatupaswi kuona ajabu nyumba inaposema, ila sijaona kwingine nyumba inayosema kwa wingi kiasi hicho.

Kuhusu tiketi, ni kweli. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia kwa siku ina kikomo, na msimu wa joto pamoja na wiki ya Pasaka nafasi hujaa mapema sana. Nunua kupitia tovuti rasmi ya mamlaka inayosimamia jumba, iitwayo Patronato de la Alhambra y Generalife, na usome jina la tiketi kabla hujalipa. Tiketi ya jumla inakuingiza katika Alcazaba, Generalife na Majumba ya Banu Nasr. Ile ya bustani ni rahisi zaidi, lakini haikufikishi ndani ya majumba, na watu huigundua tofauti hiyo wakiwa wameshafika mlangoni. Tiketi hubeba jina na namba ya pasipoti yako, kwa hiyo pasipoti uwe nayo mkononi, tena ileile uliyoitumia kununulia. Muda wa kuingia majumbani umechapwa juu yake, nao unafuatwa sawasawa: ukichelewa, hakuna wa kumlilia. Ukikuta tovuti rasmi imejaa, jaribu kadi ya mji iitwayo Granada Card, ambayo huwa na mgao wake wa nafasi za majumbani.

Mchangiaji anayeishi Ujerumani

Naomba niongeze jambo ambalo mwanzisha uzi hajaligusa. Karibu na majumba hayo kuna jumba dogo liitwalo Partal, lenye kibaraza cha matao matano mbele ya bwawa, na ni miongoni mwa sehemu za zamani zaidi zilizosalia pale juu. Katika karne ya 19 lilikuwa nyumba ya mtu binafsi, na mmiliki wake wa mwisho alikuwa Arthur von Gwinner, mtu wa benki kutoka Ujerumani. Mwaka 1891 alilikabidhi kwa serikali ya Hispania, lakini kuba la mbao la mnara wake mdogo alikwishalibandua, akalichukua hadi Berlin. Sasa ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu ya mji huo, ambayo kwa miaka mingi ililionyesha ndani ya jumba la Pergamon, lililofungwa mwaka 2023 kwa ukarabati mrefu. Kwa hiyo mkipanda kwenye mnara ule wa Partal mkaona dari, mjue kwamba mnaangalia nakala.

Mchangiaji kutoka Zanzibar

Kwa heshima zote, mwanzisha uzi anawapa sifa watu wasiostahili. Anasema jumba limesimama kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu wa kuliziba nyufa, lakini hao wazibaji ni walewale waliouvunja msikiti wa Alhambra na kujenga kanisa juu yake. Mkataba wa kusalimu amri uliwaahidi Waislamu wa Granada dini yao, mali zao na makadhi wao. Haikupita miaka 10 wakaanza kubatizwa kwa nguvu, na kuanzia 1609 wajukuu wao wakafukuzwa nchini kabisa. Tarehe 31 Machi 1492, ndani ya jumba hilohilo, ilitiwa saini amri ya kuwafukuza Wayahudi wote. Mtu akiipora nyumba yako, kisha akaipaka chokaa kila mwaka, utamshukuru kwa chokaa?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Zanzibar, yote uliyoyataja ni kweli, na sikuandika ili mtu yeyote ashukuriwe. Ninachosema ni kwamba sababu za jengo kudumu na sababu za watu wake kudumu zinaweza kuachana kabisa, na Alhambra ni mfano mchungu wa jambo hilo. Ferdinand na Isabella walilipenda jumba, wakawaweka mafundi, wakiwemo Waislamu, kulikarabati, huku watu wa jamii ya mafundi haohao wakinyimwa lugha na dini yao. Mjukuu wao, Mfalme Karoli wa Tano, alibomoa sehemu ya majengo ya kale ili kupisha jumba lake mwenyewe, lililoanza kujengwa mwaka 1527 kwa mchoro wa Pedro Machuca. Ni jengo kubwa la mraba lenye ua wa duara ndani yake, na kuingia hakulipiwi. Wageni wengi hulidharau kwa sababu limesimama pasipo pake. Mimi naliona kuwa kazi nzuri ya ujenzi iliyowekwa mahali pabaya, na kuna jambo moja ambalo litakufurahisha: mfalme hakuwahi kukaa ndani yake, na jumba hilo lilibaki bila paa hadi karne ya 20, huku majumba ya udongo yaliyo jirani yakiwa na watu.

Ukarabati wenyewe pia si hadithi ya wema mtupu. Katika karne ya 18 jumba lilitelekezwa, likakaliwa na yeyote aliyetaka. Mwaka 1812 majeshi ya Napoleon, yalipokuwa yakiondoka, yalilipua minara kadhaa. Kisha wakaja wakarabati wa karne ya 19 walioamini kwamba jengo la Kiislamu lazima lifanane na picha waliyokuwa nayo vichwani, wakaweka kuba la vigae vya rangi, la mtindo wa Mashariki, juu ya kibanda kimojawapo cha Ua wa Simba, penye ile chemchemi ya simba 12, ambako halikuwahi kuwepo. Mwaka 1890 moto uliteketeza dari la Sala de la Barca, chumba unachokipita kabla ya kuingia Ukumbi wa Mabalozi, kwa hiyo dari la pale ni jipya.

Aliyebadilisha mambo ni Leopoldo Torres Balbás, msanifu aliyekuwa msimamizi wa Alhambra kuanzia 1923 hadi 1936. Alishikilia kwamba pale ambapo nakshi imepotea, asiyejua ilivyokuwa asiibuni. Mwaka 1934 aliliondoa lile kuba na kurudisha paa la kawaida, na watu wa mji wakamkasirikia, maana wengi walikuwa wamezaliwa wakiliona pale. Mkiwa ndani ya vyumba, sogeeni karibu na ukuta, bila kuugusa, mfuate mstari wa nakshi kwa macho kutoka kwenye vigae vya chini kwenda juu. Mtafika mahali ambapo majani na herufi zinakatika ghafla, na plasta inaendelea ikiwa laini na tupu kama ukuta wa nyumba yoyote, kisha hatua mbili mbele nakshi inaanza tena. Ule utupu umeachwa kwa makusudi, na kwangu mimi ni sehemu ya ukweli wa jumba lile kuliko dari lolote lililochongwa upya likaonekana la kale.

Ua wa Simba nao uliguswa na kazi hii katika zama zetu. Simba wote 12 waliondolewa, wakasafishwa tabaka la chokaa la karne nyingi, na mwaka 2012 wakarudishwa, pamoja na sakafu mpya ya marumaru. Ukiwatazama kwa makini utaona kwamba hakuna anayefanana na mwenzake. Katika ukumbi wa Dada Wawili, upande wa kaskazini wa ua huo, inueni nyuso tena: kuba la pale limejengwa kwa vijishimo vya plasta zaidi ya 5,000 vinavyoning'inia kimoja chini ya kingine. Ukumbi wa upande wa pili, wa Abencerrajes, mtaonyeshwa doa jekundu kwenye chemchemi na kuambiwa ni damu ya mashujaa waliochinjwa pale. Ni kutu.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nimefuatilia mjadala huu kwa faida kubwa. Mwakani nategemea kumpeleka mama yangu, ambaye magoti yake hayampi tena raha ya kutembea. Je, ataweza? Na baada ya jumba, kuna jambo gani mjini la kumfaa mtu wa rika lake? Tafadhali gusia pia habari za viza.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, mpe mama shikamoo zangu. Ataweza, lakini usimpandishe kwa miguu kupitia Cuesta de Gomérez, maana ule mlima unawatoa jasho hata vijana. Panda basi dogo la C30 kutoka katikati ya mji, litawafikisha karibu na lango la tiketi. Kutoka hapo hadi majumbani ni mwendo wa kutosha, basi fikeni mapema kuliko muda wa tiketi ili atembee kwa hatua zake. Minara ya Alcazaba ina ngazi nyingi, mwache aipumzikie chini. Mwezi Julai na Agosti joto la Granada hupita nyuzi 35, na Januari baridi ni kali kwa sababu milima ya Sierra Nevada yenye theluji iko jirani. Kwa mama mwenye magoti ningechagua Aprili, mwishoni mwa Septemba au Oktoba.

Mjini mpeleke Corral del Carbón, nyumba ya wageni ya wafanyabiashara ya karne ya 14, iliyo tambarare na isiyolipiwa. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna madrasa ya Yusuf wa Kwanza iliyofunguliwa mwaka 1349, ambayo chumba chake cha sala bado kipo, na ng'ambo ya njia kuna kanisa walimozikwa Ferdinand na Isabella. Jioni mchukulieni teksi hadi mtaa wa Albaicín, mahali paitwapo San Nicolás, ambapo Alhambra yote inaonekana upande wa pili wa bonde. Pembeni yake kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, na bustani yake ina mandhari ileile bila msongamano. Wanaotafuta chakula cha halali watakipata bila taabu katika vichochoro vya Calderería, penye maduka ya chai na migahawa ya Wamoroko.

Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na maombi hupelekwa kwa nchi ambayo mtakaa siku nyingi zaidi; kama safari nzima ni ya Hispania, basi ni ubalozi wa Hispania au wakala wake. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000 za matibabu. Tiketi za Alhambra ziwekwe mara tu tarehe za safari zinapothibitika. Kama siku yenu ni Jumatatu, jueni kwamba Makumbusho ya Alhambra, yaliyo ndani ya jumba la Karoli wa Tano, hufungwa siku hiyo, na ndimo lilimo gudulia kubwa lenye picha za wanyama swala, chombo cha kauri cha Banu Nasr kilichovunjika mkono mmoja, ambacho mama anaweza kukitazama kwa raha.